Kifua Kimoja, Majina Kumi na Moja

Majivu ya karani Tejpal yalikuwa bado hayajapelekwa mtoni wakati bahasha yake ilipofika mezani kwa Inspekta Devidan Ratnu, siku ya Ijumaa asubuhi. Tejpal alikuwa ameiposti Jumatatu. Jumanne jioni pikipiki yake ilikutwa ukingoni mwa machimbo ya zamani yaliyojaa maji, na Jumatano mwenyewe akaopolewa kwa kamba na ndoano. Kituo cha polisi cha Kherlai kiliandika kwamba aliteleza. Hakikuandika alifuata nini kule, kilomita kumi na mbili kutoka nyumbani kwake, mtu ambaye katika miaka kumi na tisa ya kazi ya mezani hakuwahi kukanyaga machimbo hata mara moja.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha kumi na moja za eksirei ya kifua, kila moja na jina lake, na kipande cha karatasi chenye mstari mmoja: "Mkubwa, majina ni kumi na moja lakini kifua ni kimoja."

"Labda alichoka tu, masikini," alisema Konstebo Sugnaram, ambaye masharubu yake yalimtangulia kuingia kila mahali. "Vifua si vyote vinafanana? Changu na chako, tukivua mashati..."

"Chako kina manyoya ya kondoo. Nishikie hii."

Wakazibandika picha kwenye kioo cha dirisha, moja baada ya nyingine kwa tarehe, jua la asubuhi likizipiga kwa nyuma. Devidan akasogea karibu, akazipitia moja moja. Ubavu wa saba, upande wa kushoto, ulikuwa umevunjika zamani ukaunga kwa kupinda. Ulikuwa umepinda vilevile katika picha ya pili, na ya tatu, hadi ya mwisho. Chini kidogo ya shingo palikuwa na doa jeupe, dogo, ambalo nalo halikukosekana popote.

"Basi wamenakili picha moja," alisema Sugnaram.

"Hapana. Mashine hii hutia tarehe na saa yenyewe, wala haikubali picha ya jana. Tena angalia mapafu. Ya kwanza ina vidoa kama unga uliopeperushwa kwenye kitambaa cheusi. Hii ya sita vidoa vimekaribiana. Hii ya mwisho vimeshikana, vimekuwa mabonge. Ni miezi kumi na minne kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kila walipotaka cheti kipya walimleta mtu yuleyule, wakamsimamisha mbele ya mashine, wakaandika jina la mwingine."

"Kwa hiyo mtu mwenyewe yupo."

"Wiki tatu zilizopita alikuwepo. Lakini mwenye kifua hiki hana siku nyingi."

Katika wilaya ile hakuna aliyehitaji kuelezwa picha kama hiyo ina thamani gani. Fidia ya mwajiri inamtaka mgonjwa aonyeshe jina lake kwenye daftari la machimbo, na machimbo ya mawe mekundu hayana madaftari, yana watu wa kutwa. Ndiyo maana serikali ya jimbo ikafungua mlango wa pili. Daktari wa bodi akithibitisha vumbi la mawe kifuani, mgonjwa hupewa cheti, na cheti huleta msaada, pensheni ya ulemavu ya kila mwezi na dawa za bure, hata kama hakuna tajiri aliyekiri kumwajiri. Tejpal alikuwa karani wa mlango huo.

*

Daktari Nahata, aliyetia saini vyeti vyote kumi na moja, aliwapokea kwa kusimama, ili waelewe kwamba hawakukaribishwa kuketi.

"Makosa ya mashine," alisema.

"Mara kumi na moja?"

"Mashine ni ya zamani, Inspekta."

"Na saini ni zako."

"Natia saini arobaini kwa siku. Wachimba mawe wote wana kifua kimoja, kama hukujua. Vumbi halichagui."

"Na ubavu? Wote walivunjika mahali pamoja?"

Daktari akaitazama picha kwa mara ya kwanza. Alipoirudisha, mkono wake ulikuwa umetulia zaidi ya inavyohitajika. "Basi mtafuteni huyo mwanamume. Mkimpata mleteni hapa, nitampima mwenyewe."

"Hiki cheupe shingoni ni nini?"

"Kifungo cha shati."

"Wanapigwa picha na mashati?"

"Muulizeni fundi wa eksirei."

Fundi wa eksirei alikuwa likizo tangu Jumatano. Hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Wakageukia wenye majina. Wa kwanza alikuwa muuza halua wa sokoni, ambaye alipandisha gunia la sukari ngazi kumi na nne begani kabla ya kukumbuka kukohoa. Wa pili alikuwa na duka la matairi. Wa tatu na wa nne walikuwa ndugu, wakajibu kwa sauti moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika tindo, na wote wanne, walipobanwa, walitoa jibu moja: muulizeni Pukhraj.

Pukhraj hakungoja kuulizwa. Aliwakuta kwenye kibanda cha chai mbele ya stendi, akaketi kwenye benchi lao bila kukaribishwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, nguo nyeupe zilizopigwa pasi, alama ya msandali kwenye paji la uso. Alikuwa na kibanda sokoni cha kuwajazia watu fomu za serikali, na nusu ya waliopita njiani walimsalimu kwa jina.

"Msilipe, wakubwa. Chai imeshalipwa," alisema. "Nasikia mnatafuta ubavu."

Sugnaram akapaliwa na chai.

"Umesikia kwa nani?" Devidan aliuliza.

"Kherlai ni mji mdogo, mkubwa wangu. Ukipiga chafya huku, kule wanakuambia pole. Mngekuja kwangu kwanza! Wagonjwa wa wilaya hii nawajua kwa kikohozi, gizani, bila kuona sura. Mwenye ubavu uliovunjika ni Bagdaram, wa kijiji cha Sodhalai. Jiwe lilimwangukia mwaka juzi. Huyo ndiye mtu wenu."

"Na kwa nini unatusaidia?"

"Tejpal alikuwa rafiki yangu." Akainuka, akajipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Ila msikawie. Watu hawa, leo unaongea naye, kesho ukipiga hodi unakuta wanawake wameshaanza kulia. Ni suala la kuchelewa kidogo tu."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayewatakia wengine safari njema.

*

Bagdaram walimkuta ameketi kitandani uani, akila mkate wa uwele na pilipili ya kusaga. Ubavu wake kweli ulikuwa umevunjika. Alikuwa na picha yake mwenyewe, ameiviringisha na kuichomeka kwenye paa, akawapa waiangalie juani. Ubavu uliovunjika ulikuwa wa upande wa kulia.

"Cheti umepata, mzee?" Sugnaram aliuliza.

"Cheti?" Bagdaram akacheka hadi kikohozi kikamkamata. "Kila nikienda, wananiambia fungu la mwezi huu limekwisha."

Waliporudi garini saa tano ilikuwa imepita. Sugnaram alipiga usukani kwa kiganja. "Yule bwana ametutuma matembezi!"

"Alitaka tupoteze asubuhi," alisema Devidan. "Ninachojiuliza ni yeye ameitumia asubuhi hiyo kufanya nini."

Akatoa picha ya kumi na moja pamoja na kioo chake cha kukuzia, akaiinua kwenye kioo cha gari. Lile doa jeupe halikuwa kifungo. Lilikuwa kibamba cha chuma, chenye tao juu kama mlango wa hekalu, vitundu viwili vya kupitishia uzi, na chini yake shanga ndogo zimening'inia. Akazihesabu. Zilikuwa nne. Akatazama picha nyingine, nne. Mtu huyu alikuwa na kitu shingoni ambacho hakukivua hata mbele ya mashine, na fundi alikuwa ameacha kubishana naye.

"Hirizi," alisema. "Geuza gari. Twende mtaa wa masonara."

Masonara watatu wa kwanza walitikisa kichwa. Wa nne, Jethmal Soni, mtu mnene aliyekaa katikati ya vyombo vyake kama chura kwenye jani, aliishika picha, akaielekeza mlangoni penye mwanga, kisha akaanza kucheka tumbo likitikisika.

"Na mwanamume huyu mmemtafuta tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Mtamtafuta mpaka mstaafu! Mkubwa, umeoa?"

"Nimeoa."

"Mkeo ndiye wa kwanza? Yu hai?"

"Yu hai, na hapendi maswali ya namna hii."

"Basi ndiyo maana huvijui vitu hivi. Hiki ni kidani cha mke mwenza. Mwanamume akifiwa na mkewe, akioa tena, huyu wa pili huvishwa sanamu ya yule marehemu. Ninaitengeneza mimi, ya fedha, huvaliwa siku ileile ya harusi. Akipika, kwanza anamwonjesha yule wa shingoni. Akinunua kitambaa, kwanza anamgusisha yule. Akimvua, marehemu anaona wivu na watoto wanaugua. Hamvui akioga, hamvui akijifungua. Atamvua kwa ajili ya picha ya daktari?"

Kicheko chake kikafia chumbani. Devidan alikuwa akiitazama picha. Mabega yalikuwa membamba. Yalikuwa membamba tangu asubuhi, mbele ya macho yake, lakini majina yalikuwa ya kiume, daktari naye alisema "huyo mwanamume", na yeye akalimeza neno hilo bila kulitafuna.

"Mwanamke," alisema Sugnaram polepole.

"Shanga huwa ngapi?" Devidan aliuliza.

"Tatu. Siku zote tatu." Sonara akavuta picha karibu, akahesabu, uso wake ukabadilika. "Hii nimetengeneza moja tu maishani. Moda Ram wa Bhakri. Mke wake wa kwanza, Dhapu, alimwachia watoto wanne, akataka shanga moja kwa kila mtoto. Huyu wa pili anaitwa Sayari. Alikuja mwenyewe kukichukua, mikono imejaa vumbi jekundu, akaniuliza kama fedha yangu inavumilia kishindo cha nyundo." Akairudisha picha. "Moda alikufa miaka mitatu iliyopita. Vumbi."

*

Barabara ya Bhakri ilipita kando ya machimbo ya zamani. Devidan akaamuru gari lisimame. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, kuta zake zimekatwa wima pande tatu. Utepe wa polisi ulikuwa umefungwa kwenye jiwe na kusahauliwa hapo. Akageuka upande wa pili: nyumba za Bhakri zilionekana, umbali usiofika hata nusu kilomita.

"Hakuteleza akipita njia," alisema. "Alikuwa ametoka pale."

Kijijini hakuna aliyewaelekeza. Wanawake waliokuwa kisimani walishusha shela usoni wakaondoka na ndoo zao zikiwa nusu. Nyumba waliitambua wenyewe, ya mwisho, chini ya kilima cha mabaki ya mawe, kwa sauti: mlio mwembamba wa gesi ikitoka, bila kukoma, kama mtu anayevuta pumzi tu bila kuitoa.

Mwanamke alikuwa ameketi kitandani, kitako, kwa sababu kulala hakuweza tena. Umri wake haukuzidi hamsini na mbili, lakini ungeweza kumpa sabini. Mpira mwembamba ulitoka puani kwake ukaenda hadi kwenye mtungi mweusi wa oksijeni uliosimama kando ya kitanda. Shingoni alikuwa na kidani cha fedha chenye shanga nne.

"Mmeleta mtungi?" alisema kabla ya salamu.

"Hapana, dada Sayari. Sisi ni polisi."

"Mmekosea nyumba. Hapa hapana wa kukamatwa. Wawili wamekufa. Wawili wako Surat, viwandani."

"Wanao?"

"Wa Dhapu." Akagusa kidani. "Wetu."

Alizungumza maneno matatu, manne, akapumzika, akaendelea. Devidan hakumharakisha. Alipomwonyesha picha, hakushangaa.

"Moda alikuwa anatoboa, mimi napasua. Yeye alipata cheti, akafa. Mimi nikaenda. Daktari akauliza jina la mume. Nikasema. Akasema mume ameshapata. Nikamwambia, sikuja na kifua cha mume, nimekuja na changu. Akanipiga picha. Akasema safi."

"Alikupa karatasi?"

Akaitoa chini ya godoro. *Kifua: safi. Hastahili.* Saini ya Nahata, tarehe, saa nne na dakika kumi. Devidan akatafuta picha ya kwanza kati ya kumi na moja, ile iliyokuwa na jina la muuza halua. Tarehe ileile. Saa nne na dakika nne.

"Walikuambia huna ugonjwa," alisema, "na papo hapo wakampa mwingine ugonjwa wako."

Sayari akaurekebisha mpira puani. "Halafu Pukhraj akaja. Akasema, dada, serikali haikutaki, mimi nitakuletea gesi. Nikikuita, wewe uje usimame tu kwenye mashine. Kila Alhamisi ameleta mtungi. Hajakosa hata moja."

"Jana ilikuwa Alhamisi."

Mlio wa gesi ulijaa chumba.

"Ana shughuli nyingi," alisema Sayari.

"Dada, kuna karani alikuja hapa Jumanne. Mtu mfupi, ana miwani. Unamkumbuka?"

Macho yake yakaenda kwenye mtungi, yakakaa pale, kana kwamba mtungi ungeweza kusikia. "Simkumbuki."

Sugnaram alikuwa amechutama karibu na mtungi. Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na mzaha usoni mwake. "Afande. Njoo uone."

Mshale wa geji ulikuwa umelala ndani ya rangi nyekundu, karibu na mwisho.

Wakatoka mlangoni kunong'ona.

"Saa moja," alisema Sugnaram. "Labda chini ya hapo. Hakuhitaji kumgusa. Ameacha tu kuleta, basi. Kesho wangemkuta amekufa, na nani angeuliza? Mgonjwa wa vumbi amekufa kwa vumbi!"

"Jodhpur ni mwendo gani?"

"Saa mbili na nusu. Hafiki."

"Kherlai?"

"Nusu saa. Lakini afande, hospitali ya Kherlai ni ya Nahata. Tunamtoa kwa chui tunampeleka kwa simba?"

"Tutaingilia mlango wa mbele," alisema Devidan, "saa nane mchana, watu wamejaa, nami nitapiga kelele."

Sayari alipoambiwa akashika ukingo wa kitanda. "Na Pukhraj akija akakuta sipo?"

"Dada," Devidan akamwambia, "Pukhraj haji."

Alimtazama, kisha akautazama mshale. Aliutazama muda mrefu, akiwa peke yake na jambo ambalo bila shaka alikuwa amelijua tangu jana. Halafu akanyoosha mikono ainuliwe. Sugnaram alimbeba mwenyewe mpaka garini, na baadaye alisema kwamba mtungi ulikuwa mzito kuliko yeye. Walipopita kando ya maji ya kijani, Sayari aliufunika uso wake kwa shela, wala hakuufunua mpaka barabara ya lami.

*

Devidan alipiga kelele kama alivyoahidi. Watu mia mbili waliokuwa kwenye foleni waligeuka, na mbele ya macho mia nne hakuna aliyethubutu kusema hapana nafasi. Sista Rukma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya sajini, alimnyang'anya Sugnaram mgonjwa na kumlaza karibu na ukuta, akamvisha barakoa ya gesi na kufungua bomba. Mtungi mweusi ulikuwa umenyamaza tangu langoni.

Fundi wa zamu alileta mashine ya magurudumu hadi kitandani. Picha ilipotokea, Devidan aliishika dirishani: ubavu wa saba wa kushoto, mabonge meupe, shanga nne. Juu yake, kwa mara ya kwanza, liliandikwa jina la Sayari, mjane wa Moda Ram, Bhakri. Akamtuma Sugnaram amwite Daktari Nahata aione. Sugnaram akarudi peke yake.

"Chumba wazi, feni inazunguka. Gari lake halipo uani."

Kabla Devidan hajajibu, watu mlangoni walianza kupisha. Pukhraj aliingia na mtungi mpya begani, jasho likimtiririka kwenye nguo zake nyeupe, akaupitisha katikati ya foleni huku wengine wakimsaidia kuushika.

"Dada yangu!" alisema. "Nimefika Bhakri nimekuta mlango wazi, moyo ukanipasuka! Nimekutafuta kila mahali." Akautua mtungi kando ya kitanda. "Asanteni sana, wakubwa. Mmenifanyia wema mkubwa. Sasa nitamrudisha nyumbani. Gesi ya hapa si ya kutegemea, mara ipo, mara imekatika." Na huku akisema, akaweka mkono wake juu ya bomba la ukutani, kirafiki tu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Sugnaram akautoa mkono ule, kidole kimoja kimoja.

Nyuma ya barakoa Sayari alikuwa akimtazama sista. Akamwashiria ainame. "Hii ya ukutani," aliuliza, "gesi hii ni ya nani?"

"Ya hospitali, mama."

"Si yake?"

"Yake? Hata msumari mmoja wa ukuta huu si wake."

"Hawezi kuifunga?"

Sista Rukma akamtazama Pukhraj toka utosini hadi viatuni. "Ajaribu."

Sayari akaivua barakoa. Sista alitaka kumrudishia, Devidan akamzuia kwa mkono, huku akifungua daftari lake.

"Karani alikuja Jumanne," alisema Sayari. "Asubuhi. Mtu wa heshima. Alivua viatu mlangoni. Alikuwa ameona jina langu kwenye orodha ya waliokataliwa. Akasoma karatasi yangu. Akasema, mama, umedhulumiwa, nitakuandikia. Nikaogopa. Nikajua Pukhraj akisikia kwa mwingine, hataleta mtungi. Nikampigia simu huyu. Nikamwambia." Akapumua mara tatu, nne. "Akaniambia, mwambie asubiri. Nikamwambia asubiri. Nikampa mtindi. Akanywa. Akasema ni mzuri."

"Dada, unachoka," alisema Pukhraj. "Mkubwa, hewa haimfiki kichwani, anaota mchana. Wagonjwa wa hali hii..."

"Endelea," alisema Devidan bila kuinua macho.

"Akaja na gari. Aliyeendesha hakushuka. Huyu akamwambia karani, twende nikuonyeshe machimbo aliyofanyia kazi mama, ukayaone uandike vizuri. Karani akafurahi. Akanishika miguu kuniaga, kama mwanangu. Aliwafuata kwa pikipiki yake akiwa amefurahi." Machozi hayakumtoka, hakuwa na pumzi ya kulilia. "Mimi ndiye niliyemwambia asubiri."

Mtu aliyemsaidia Pukhraj kushika mtungi alirudi nyuma hatua moja, na wengine pia, mpaka Pukhraj akabaki amesimama kwenye duara tupu pamoja na mtungi wake. Devidan akamfunga pingu.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mitungi yote ile," alisema Pukhraj, na hakuwa akimjibu Devidan. Alikuwa akimtazama mwanamke kitandani, na tabasamu lilikuwa bado limebaki usoni mwake kama kitu alichosahau kukiondoa. "Miezi kumi na minne, dada. Nani mwingine alikuletea? Taja mmoja."

Sayari alikuwa amerudisha barakoa, na kifua kile kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kikila gesi isiyokuwa na bwana.

Walipomtoa Pukhraj, Devidan akapiga simu kwenye vizuizi vya barabara kuu zote mbili gari la Nahata lizuiwe, kisha akamweka askari kwenye bomba la ukutani, bunduki mapajani, na amri ya kutoinuka hata kwa haja ndogo. Alijua kwamba aliyeendesha gari Jumanne alikuwa bado nje, na kwamba kwa sasa alikuwa ameshasikia. Kherlai ni mji mdogo.

Sista Rukma alikuja na fomu ya kulazwa, kalamu ikikimbia. "Jina nimepata. Kijiji nimepata. Mume, marehemu. Kazi..." Kalamu haikusimama. "Mama wa nyumbani."

Barakoa ikavuliwa tena.

"Mama, wewe! Utaniua na presha!"

"Futa," alisema Sayari. Akavuta pumzi, akaisubiri ifike. "Mpasua mawe. Miaka ishirini na sita."

Sista akamtazama. Akafuta kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, akamsomea alichoandika, polepole, mara mbili.